Chupa ya Mafuta ya Papa

Likoni, Jumatatu, 1961. Mvua imekatika tangu alfajiri, na kifua changu leo ni chepesi. Salim amerudi mzima.

Mwaka jana mwanangu huyu, fundi wa reli kule Changamwe, alipanda Nakuru kushindana mbio za maili, akaanguka kabla ya kumaliza. Daktari alisema moyo wake hauna kasoro. Hewa ya huko juu ni nyembamba, na mtu wa pwani hana budi kuizoea kwanza. Mimi sikutosheka. Baba yangu alitulea kwa mafuta ya papa, na hapana hata mmoja wetu aliyekuwa na kifua kibovu.

Basi safari hii, alipokwenda tena Nakuru, nilimpa chupa nzima, na sharti juu yake: kijiko kila asubuhi. Akikimbia bila kunywa, hana radhi yangu.

Neno hilo halitamkwi ovyo katika nyumba zetu. Nililitamka.

Yeye na wenzake walitangulia mapema ili waizoee hewa. Tangu aondoke, kila nikifumba macho nilimwona amelala majanini, watu wamemzunguka.

Leo adhuhuri ameingia. Hakuweka hata mkoba chini.

“Shikamoo baba. Chupa ilipasuka kwenye treni, hata Voi hatujafika. Behewa lilinuka, abiria wote wakatukimbia. Sikunywa hata tone.”

“Marahaba. Na mbio?”

“Nilikimbia, nikawa wa nne. Pumzi ilinibana kidogo tu. Kilichonilemea ni lile neno lako, baba.”

Mama yake akaangua kicheko jikoni. “Mwenzio kashindana na milima, Baba Salim, wewe washindana na chupa!”

Sikucheka. Nilimshika mkono nikamwambia kwamba radhi yangu anayo, na alikuwa nayo hata ndani ya behewa lile linalonuka. Hapo ndipo alipoutua mkoba. Amekula wali kwa samaki hadi sinia ikabaki nyeupe, nami, ambaye kwa siku nyingi chakula hakikunipita kooni, nimekula naye.

Mtungi wa mafuta yaliyobaki nilipoijaza ile chupa ungali uvunguni. Kesho nitampelekea jirani apake mashua yake, mbao zisioze.

Mwanangu nitamwombea dua. Masharti sitamwekea tena.