Makopo Tisa ya Maziwa na Maji

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, ndiyo maana nimeandikia redio na si gazeti. Mimi ni mpima maziwa katika kituo cha kukusanyia maziwa hapa Itiryo, na kaka yangu mkubwa ni fundi wa nozeli za dizeli, mwaka wa pili sasa anaunda injini ndogo ya roketi, matundu ya nozeli ametoboa mwenyewe kwa jozi, yameinamiana ili mchirizi wa mafuta na ule wa kimiminika cha kuyaunguza igongane na kuchanganyika, na tarehe 9 tukaijaribu bila moto, upande mmoja maziwa, mwingine maji, mama akauliza, "Na ng'ombe wangu mnawapeleka mwezini?" Ikatoka kama ukungu, vijana wakapiga makofi, lakini mimi nilikuwa nimepanga makopo tisa chini yake, nikapima moja moja kwa kipima maziwa changu cha kituoni, ambacho kwenye maziwa matupu husoma 30 na kwenye maji 0, na kwenye shajara nimeandika: kopo la kwanza 29, la tisa 1, wakati yote yalipaswa kukaribia 15. Kaka akaniuliza mbele ya watu, "Dada, imechanganyika?" Nikasema imechanganyika, kwa sababu tangu jaribio la kwanza lizimike kwa moshi mtupu wanamwita Bwana Moshi. Kila asubuhi naufungua ukurasa ule na kuufunga. Jumamosi atawasha mwenyewe, hatua kumi tu kutoka kwenye injini. Nifanyeje?

Mpima maziwa, Itiryo

Marahaba, mpima maziwa. Kumhurumia kaka si kosa. Kosa ni kumpa jibu ambalo kipimo hakikulitoa. Kituoni ukikuta maziwa yana maji unamrudishia hata jirani yako, ila kwa kaka umepokea.

Nimemuuliza mwalimu wa fizikia. Anasema kaka yako amedanganywa na ule ukungu. Kwenye dizeli nozeli inanyunyiza mafuta peke yake, na hewa imeshajaa pande zote. Kwenye roketi vimiminika viwili lazima vikutane. Visipokutana sawasawa, ukuta wa injini unaungua upande mmoja, mafuta yanajikusanya upande mwingine, kisha yanalipuka kwa mkupuo. Hapo hatua kumi hazimsaidii.

Usimwambie mbele ya vijana. Mpe shajara aisome mwenyewe, halafu mrudie jaribio, kipima akishike yeye. Jumamosi watu waonyeshwe maji tu. Moto usubiri mpaka makopo yote yakubaliane na mtaalamu awepo. Watamcheka, ndiyo. Bwana Moshi akiwa hai, jina linaweza kubadilika.

Jina lako sijalitaja hewani, lakini Itiryo nzima nani mwingine anaunda roketi? Kama redio ya karakana yake imewashwa, ameshakujua. Zima hiyo yako, beba makopo, nenda.