Alama Niliyojipa Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Madamu wa Kiingereza leo kaja na jipya. Karudisha insha zetu bila alama! Eti tujisahihishe wenyewe, tujipe alama juu ya ishirini, na sababu chini yake. Tangu lini mwizi akajihukumu? Na anatabasamu. Huyu mama hatabasamu bure.

Jirani yangu wa dawati, Kifutio, kajipa kumi na nane. Nikamwambia unajichimbia kaburi, ndugu yangu. Akasema wivu huo.

Jumanne, 4 Juni
Nimechunguza. Madamu ana daftari jeusi, kalikumbatia kama kichanga. Alama za kweli zimo humo, naapa! Atalinganisha. Aliyejipendelea — kwisha habari yake. Na mimi nikifeli Kiingereza narudia darasa mara ya pili. Baba keshasema mara ya pili haipo, ni gereji kwa mjomba, kuziba pancha.

Basi akili kichwani. Nimejipa sita. Sababu: kazi mbaya sana. Uongo mtupu! Insha yangu kali — kinyozi kanyoa nusu kichwa, umeme ukakatika. Kifutio alicheka mpaka akapaliwa. Lakini unyenyekevu hulipa. Mjanja nani hapa?

Alhamisi, 6 Juni
Si mimi.

Madamu kasoma alama. Kifutio kumi na nane, imepita! Kajaza ukurasa mzima wa sababu, hadi makosa yake kayataja. Mimi sita — nayo imepita! Ndiyo inayoingia kwenye ripoti.

Nikamkimbilia hadi ofisi ya walimu. Nikamwuliza, humo kwenye daftari nina ngapi? Akalifunua. Mahudhurio! Mahudhurio matupu!

Akasema insha yangu ilimchekesha, lakini mwenyewe nimeandika ni mbaya, yeye ni nani anibishie? Kanipa karatasi. Nitaje mambo matatu mazuri niliyofanya, niyaonyeshe yalipo. Mwisho kesho, kengele ya kwanza. La sivyo sita yangu nibaki nayo.

Ijumaa, 7 Juni
Darasani. Dakika kumi kabla ya kengele. Nimeandika: mimi mkali. Nikakata. Mimi hatari. Nikakata.

Kifutio anauliza, si wewe unayejisifu hata kwenye foleni ya choo? Ndiyo mimi! Ila kule hakuna anayedai ushahidi.

Nimepigia mstari sentensi moja ya insha, pale umeme unapokatika. Ni nzuri. Najua ni nzuri. Kwa nini nzuri? Naandika huku kwenye shajara, kule kwenye karatasi ni maneno yaliyokatwa tu —

Viatu vya Madamu hivyo, koridoni.