Picha Moja ya Pacha Wawili

Ibadan, 9 Machi 2012

Mjomba Ajani mpendwa,

Napiga magoti kukusalimu. Mgongo unaendeleaje? Na masikio? Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza kama mvua imenyesha, ukanijibu, "Ndiyo, wameshakula." Kwa hiyo naandika.

Sisi ni wazima wa mwili tu. Leo ni siku ya arobaini na moja tangu homa imchukue Taiye. Kehinde anakula, anacheza, halafu ghafla ananyamaza. Tulimwambia vile wanavyoambiwa pacha wote wanaobaki, kwamba mwenzake kaenda Lagos. Ana miaka minne, anaamini.

Mjomba, nina jambo la aibu. Mimi mpiga picha wa maharusi sina picha ya mwanangu. Za uchangani zipo, lakini za mwaka wake wa mwisho zote zilikuwa kwenye kadi moja ya kamera. Za wateja nazihamishia kwenye kompyuta siku ileile. Za wanangu nikasema kesho, kesho. Jumamosi nilikuwa na sherehe ya uchumba, nikachukua kadi bila kuitazama, nikaifuta yote, nikapiga picha mia tatu juu yake. Nimeifunga ndani ya bahasha hii. Tafadhali, fanya unaloweza.

Mama mkwe anataka tufanye ile picha ya zamani uliyokuwa ukiwapigia wafiwa, aliyebaki anapigwa mara mbili ili waonekane wawili. Nami naitaka, Mjomba, naitaka sana. Nifanyeje kwa kamera hizi zetu za siku hizi?

Mpwa wako,
Abeke


Mji wa Ila, 17 Machi 2012

Abeke mwanangu,

Pole, na pole tena. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Mgongo upo, masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Mumeo hajambo? Mnakula?

Kadi kwanza. Mtu akifuta picha kwa bahati mbaya anaitoa kadi papo hapo na haipigii tena, maana zilizofutwa zinakuwa bado zimo mpaka nyingine zikae juu yake. Wewe umekalisha mia tatu! Ungekuwa karibu ningekuchapa, halafu ningekukumbatia. Nimehangaika nayo siku mbili. Zimerudi za uchumba wa watu na michirizi ya kijivu. Nimeangalia moja moja, mwanangu. Taiye hayumo.

Sasa sikiliza. Zamani nilikuwa nafunika nusu ya karatasi kwenye chumba cha giza. Wewe una kompyuta, lakini kompyuta haiponyi uvivu. Weka kamera kwenye stendi, na ukishaiweka usiisogeze hata kidogo. Dirisha liwe ubavuni, saa nne asubuhi, utundike shuka jeupe ili mwanga ulainike. Usiiachie kamera ijichagulie kitu. Mwanga, rangi, umbali, vyote viweke kwa mkono na uviache hivyo hivyo. Ikijichagulia, huyu atatoka wa njano na yule wa buluu, nani atasema ni ndugu? Chora chaki sakafuni mahali pa viti viwili, uache ukuta mtupu katikati. Hapo ndipo utakapounganisha. Wa kushoto ainamishe kichwa kidogo kulia, wa kulia kidogo kushoto.

Na usije ukapiga mara moja tu kisha ukaigeuza kwenye kompyuta. Vifungo vya shati vitahamia upande wa kike na mwanga utatoka pande mbili, watu watacheka. Wala usimlainishe ngozi mpaka awe sahani. Mtoto mwambie ni mchezo. Picha za asili uzihifadhi mahali pawili, unanisikia?

Mjomba wako asiyesikia,
Ajani


Ibadan, 2 Aprili 2012

Mjomba wangu,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili. Shangazi hajambo?

Tumefanya. Kehinde alikaa kiti cha kushoto, akacheka, nikampa biskuti. Cha kulia akakigomea. Alisema hicho ni cha Taiye. Nikamwambia, "Kaa tu, mtunzie." Basi akakaa wima, mikono mapajani, hataki hata kuegemea. Mjomba, picha ile ya pili si ya Kehinde. Kehinde hajawahi kutulia vile tangu azaliwe.

Niliunganisha pale pale uliponiambia. Ule mstari wa katikati ulipopotea na wao wakakaa pamoja, nikasikia mdomo wangu unasema, "Umerudi?" Gbadebo akatoka jikoni, akatazama, akakaa chini akalia. Tangu mazishi mume wangu alikuwa hajalia.

Kivuli cha kiti cha kulia kimenishinda. Nikikipitishia brashi laini ya kompyuta kinakuwa tope. Natuma kila kitu kwenye flashi. Chapisha wewe, kwenye karatasi yako nzuri.

Mpwa wako,
Abeke


Ila, 11 Aprili 2012

Abeke,

Hamjambo nyote? Sisi tupo, tunazeeka.

Kivuli kinakuwa kikali karibu na mguu wa kiti, kinalainika kadiri kinavyokwenda mbali. Wewe umekilainisha chote, ndiyo maana. Nimerekebisha. Nimeongeza mwanga kidogo pia, kwa kuwa karatasi huwa inatoka na giza kuliko unavyoona kwenye kioo cha kompyuta. Isipigwe na jua.

Miaka arobaini nimeifanya kazi hii, na sijaona iliyotoka namna hii. Nilimwita shangazi yako aje awaone watoto. Ndivyo nilivyosema, watoto. Itundike sebuleni, kila mtu aione.

Mjomba wako,
Ajani


Ibadan, 24 Aprili 2012

Mjomba,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Picha ilifika Jumamosi, kioo cha fremu kikiwa kizima. Mama mkwe akapika maharage yale tunayowapikia pacha, majirani wakala, na kila mmoja alisema, "Jamani, ndiye Taiye mwenyewe!" Kehinde alikuwa kwa shangazi yake.

Jumapili akarudi. Aliiona tu, akapiga kelele, "Taiye!" Kwa furaha, Mjomba. Akakimbilia chumbani. Akafungua kabati, akainama chini ya kitanda, akatoka uani akiita. Aliporudi alikuwa anahema.

"Mama, Taiye alikuja lini?"

Nilimfuta jasho usoni.

"Mlimpiga picha? Mbona hamkuniita?"

Mama mkwe akawahi. "Amerudi Lagos, mjukuu wangu. Alikuwa na haraka."

"Hakunisubiri?" Midomo ikaanza kumcheza. "Hanitaki?"

Hapo nilishindwa. Mila naijua, na wakubwa walikuwa wamenikazia macho, lakini singeweza kumwacha mtoto aamini kwamba ndugu yake alifika mpaka humu ndani akakataa kumwona. Nikampakata, nikamwonyesha kwa kidole. Huyu ni wewe. Na huyu ni wewe. Unakumbuka nilivyokukalisha huku, kisha huku?

"Wote ni mimi?"

"Wote ni wewe."

Alitazama weee. "Sasa Taiye yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilisema amekufa, tumemzika, hatarudi, na kwamba alimpenda. Mama mkwe alijifunika uso akatoka, na mpaka leo hasemi nami. Picha nimeishusha. Usinikasirikie, Mjomba. Kosa si la kazi yako, ni nzuri mno.

Kehinde hakulia. Alicheza na vidole vyangu muda mrefu, halafu akauliza, "Na mimi bado ni pacha?"

Nikamwambia ndiyo. Mjomba, nilijibu sawa?

Mpwa wako,
Abeke