Mpira Uliogusa Mstari

Louisville. Jumapili, 3 Agosti

Kamba mbili za raketi zimekatika kabla ya saa tatu asubuhi. Mechi ya mchujo nimetolewa kwa seti mbili. Bega linauma. Tangu mwezi wa tano sijapata pointi hata moja, na jina langu linateremka tu kwenye orodha ya dunia. Kocha kapiga simu kutoka Lisbon: nikitoka mashindano ya Buffalo mikono mitupu, nirudi nikafundishe watoto klabuni. Nina miaka ishirini na tisa.

Mimi Mreno, lakini daftari hili naliandika kwa Kiswahili cha mama, mtu wa Msumbiji kaskazini. Kocha ana tabia ya kupekua.

Columbus. Jumamosi, 9 Agosti

Wachezaji wa ngazi yetu hulala kwa watu. Safari hii kwa Mama Espérance, Mkongo. Kanipikia sombe, kisamvu cha kwao. Hajawahi kuona tenisi. Kesho atakuja moja kwa moja kutoka kazini.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshinda. Nimeiba.

Mchujo wetu hauna mwamuzi. Kila mchezaji anaamua mipira inayoanguka upande wake. Seti ya tatu, nimebakiza pointi moja. Lenka, Mcheki, akapiga mpira mrefu. Uligusa mstari. Niliuona vizuri kabisa. Mdomo ukasema, "Nje!"

Lenka alisimama kidogo, kisha akaja kwenye neti kunipa mkono.

Mama Espérance alikuwa kwenye uzio na sare ya ghala, anapiga vigelegele. "Mungu iko mukubwa, binti yangu! Donc, basi, ule mutoto hakukuweza!"

Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetolewa raundi ya kwanza ya mashindano yenyewe. Bila pointi ya orodha ya dunia. Kwa hiyo niliiba bure.

Jana, kwenye maombi ya jioni kanisani, Mama Espérance alitoa ushuhuda kuhusu ushindi wangu. Sikumkanya. Mwoga mkubwa mimi.

Buffalo. Jumapili, 17 Agosti

Mchujo nimetolewa tena. Zimebaki mechi za wawili wawili tu, na orodha ya kujiandikisha inafungwa kesho saa sita mchana. Nilikuwa nimesimama mezani kwa waandaaji, sina mwenza, mtu akanigusa bega. Lenka. Anatafuta mwenza.

Nikakubali. Ningefanyaje?

Njia ya mwongo ni fupi, mama hupenda kusema. Yangu imefika mpaka Buffalo. Wiki nzima sijalala sawasawa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemwambia. Tumepangiwa nyumba moja, ya mbao, mtaa wa West Side. Nilimwambia kwenye ngazi huku nafunga viatu, nisimtazame usoni. Mpira wa Columbus ulikuwa ndani.

"Najua," akasema. "Niliuona."

Nikamuuliza kwa nini basi kanichagua.

"Niliuliza wengine saba. Wote wana wenza."

Kisha akaniambia niharakishe, basi linakuja. Nilipandwa na hasira. Halafu aibu.

Jumanne, 19 Agosti

Tumeshindwa. Uwanja wa pembeni, hakuna mwamuzi. Pointi ya mwisho, mpira wao ulianguka karibu na miguu yangu, juu ya mstari. Lenka hakuutazama mpira. Alinitazama mimi.

Nikatandaza kiganja kuelekea chini. Ndani.

Basi, ndiyo mwisho. Nitafundisha watoto.

Kwenye benchi Lenka kaniuliza kama nina mwenza wiki ijayo. Alisema bado hajamuuliza mtu mwingine. Nikamwambia narudi nyumbani. Akakata ndizi yake katikati, tukala.

Nimelala saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, viatu miguuni.