Pale Ulipokuwa Ukinywa Chai

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na kiti chako bado kinatazamana na cha Baba. Binti yako mkubwa alijaribu kukisogeza mara moja, akitaka kufagia, na Baba, asiyeona hata mkono wake mwenyewe, akafoka kutoka upande wa pili wa chumba: "Rudisha hicho kiti kilipokuwa!" Alisikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu. Tangu hapo tunafagia kwa kukizunguka.

Wasiokujua tuwaambie. Ulikuwa karani wa mahakama mpaka ulipostaafu, mwanamke wa maneno machache na mwandiko mzuri, mwenye kicheko ulichokificha nyuma ya kiganja. Majirani walikuita Karani, na sisi nyumbani tukakutania hivyo hivyo. Kisukari kilipompofusha Baba, fundi umeme mzima akawa mtu wa kushikwa mkono, hukukaa ukamlilia. Ulileta kitabu kinene cha historia ya marais wa Marekani, mmoja baada ya mwingine, ukawa unamsomea kila jioni, ukikitafsiri kwa Kiswahili papo hapo.

Nani angedhani? Mzee wetu, aliyekuwa akizima redio siasa zikianza, akanogewa na siasa za watu waliokufa zamani. Kila rais ulimpa sauti yake. Mmoja alikuwa na kikohozi, mwingine alivuta maneno kama hakimu mmoja uliyemfanyia kazi, maskini hakujua kamwe. Baba alikuwa na chama chake, na kikishindwa alipiga mkono wa kiti: "Wameiba kura hao! Mchana kweupe!" Mkwe wako alipotaka kumdokeza nani alishinda uchaguzi unaofuata, alikatizwa: "Ishia hapo hapo, mkwe. Tutafika."

Siku moja akasema kwa utani, "Karani, hawa Wamarekani wana bahati. Wanapigana vita, wanaibiana kura, lakini watoto wao hawafi."

Ukamjibu, "Kunywa chai yako, inapoa."

Tulikuwepo, Mama. Tukacheka.

Kisha ukaondoka ghafla, kitabu hakijaisha, kibanio chako cha nywele kikiwa katikati ya kurasa. Baba akakataza kitabu kisiguswe. Jioni zikaanza kuwa ngumu. Alisema anasikia kurasa zikifunuliwa, saa ile ile yenu ya kusoma. Tukamwambia ni pazia.

"Pazia halilambi kidole," akasema.

Na kweli, Mama, hukufunua ukurasa bila kulamba kidole kwanza. Kitindamimba wako anaapa kwamba yeye pia alisikia, tena na kijiko kikigonga kikombe, na jikoni hakukuwa na mtu. Tusikufiche, Mama, tuliogopa. Tulikuogopa wewe uliyetuzaa.

Mwisho Baba mwenyewe akasema, "Labda anataka tumalize."

Kitindamimba akakaa kwenye kiti chako, akafungua penye kibanio, akasoma. Akafika kwa rais mmoja ambaye mwanawe alicheza tenisi, akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu, sumu ikaingia kwenye damu. Kijana akafa, na baba yake, mkubwa wa nchi nzima, hakuweza kitu.

Baba akainua mkono. "Mama yenu asingesoma hapo."

"Ndivyo kilivyoandikwa, Baba."

"Rudi nyuma," akasema. "Kwa yule aliyesafiri na treni kabla ya kuapishwa. Pale mama yenu alinyamaza, akanywa chai, akafunua."

Kitindamimba akarudi. Treni ilianguka, na mtoto pekee aliyekuwa amewabakia akafa mbele ya macho ya wazazi wake.

"Sasa yule wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pale pia alikunywa."

Pale, mtoto alikufa kwa homa ndani ya ikulu. Kila mahali Baba alipokumbuka kuwa ulikunywa chai palikuwa na mtoto anayezikwa. Miaka yote alidhani ni kiu. Kumbe ulikuwa ukiyasoma hayo peke yako kimya kimya, unayameza na chai, halafu unampitisha Baba ng'ambo.

Sisi tulijua sababu, kwa kunong'onezana tu. Kabla yetu alikuwepo kaka yetu, mzaliwa wako wa kwanza, mtoto wa maneno mengi mpaka mkamwita Kasuku. Homa ilimchukua akiwa mdogo. Baba akaishusha picha yake ukutani, akasema jina lile lisitajwe tena nyumbani humu. Wewe uliyekuwa Mama Kasuku ukabaki Karani. Hukubishana naye. Ukambeba mtoto wako peke yako, na bado ukamlinda mumeo asiguswe hata na misiba ya Wamarekani.

Siku ile Baba alilia kwa sauti, tulivyokuwa hatujamsikia akilia hata kwenye maziko yako. "Nilimfunga mdomo mke wangu," alisema. "Nilimwachia mtoto wetu ambebe peke yake."

Sasa kila jioni tunamsomea zile kurasa ulizoruka. Picha imerudi ukutani, na Baba huipapasa kioo kwa vidole kabla ya kukaa. Kurasa hazijifunui tena, na tukwambie kweli, tunazisubiri. Ni kijiko tu ambacho bado tunakisikia mara moja moja. Tukishtuka, Baba hutuambia, "Mwacheni anywe."

Unakumbukwa na mumeo, aliyetaka aandikwe kama zamani, Baba Kasuku, binti yako mkubwa na mumewe, kitindamimba wako, wajukuu zako, na wenzako wa mahakamani. Pamoja nao yumo Kasuku mwenyewe, mwanao wa kwanza, aliyekutangulia, ambaye familia hii haijapata kuliandika jina lake tangu azikwe.

Tutakukumbuka siku zote, Mama Kasuku, wala hatutaruka.