Dada Anasuka Maziwa

Elizabeti mwanangu,

Hujambo, na wajukuu wangu hapo Endagikot? Mwenye duka wa Katesh anayeniandikia kadi hii anataka kulainisha maneno yangu. Nimemkataza.

Mama yako mkubwa nilimkuta amelazwa kwenye ngozi, ameelekezwa ukutani. Upande wa kushoto umepooza, mdomo umepinda, lakini masikio ni mazima. Wakwe zake, wake wa wanawe, wanono na wavivu, wakaniambia mbele yake, "Mama alikuwa mtu mzuri." Alikuwa! Nikawauliza, "Na huyu anayepumua ni mbuzi?" Dresa wa Serikali, yule mfunga vidonda wa zahanati, naye alimtazama akiwa mlangoni, akasema ni uzee tu. Hata kofia hakuvua.

Nikamkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu. Nikampakatisha kibuyu cha maziwa, nikaufunga kwa kamba ule mkono uliopooza kwenye ukanda wa kibuyu. "Suka, mvivu wee!" Akalia. Nikamtukana, tukasuka pamoja. Kila asubuhi ni hivyo.

Jana nilifungua kamba, na vidole vikabaki vimeshika. Siagi ilitoka kidogo kama ukucha. Mkwe mkubwa akaja mbio kukichukua kibuyu: "Lete, mama, usijichoshe." Dada hakukiachia. Akasema neno lake la kwanza tangu aanguke: "Toka."

Wamenuna wote. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa.

Sirudi mpaka aende mwenyewe nyuma ya nyumba kujisaidia, bila kubebwa kama gunia. Kula ushibe, funika watoto vifua. Nawapenda, wajinga wangu.

Mama