Konzi ya Mchele kwa Vijana wa Msituni

Jumapili, 3 Novemba
Mama Men na akina mama wa kanisa wamepita na gunia. Kila apikaye hutenga konzi moja ya mchele na kuitia koponi kabla ya kuinjika chungu—fungu la Bwana, tangu enzi za mama yangu. Zamani lilimlisha mchungaji. Tangu vita na jeshi vianze linauzwa, vijana wetu wananunuliwa risasi. Wana wawili wa Mama Men wako nao msituni.
Nilitoa kopo limejaa. Kwa moyo, kweli! Krismasi sitaiona, kifua hakinidanganyi. Angalau nimetoa.

Alhamisi, 7 Novemba
Muuza chumvi kapumzika kibarazani. Biashara humfikisha hadi kambi ya jeshi, hapo juu mlimani. Akaninong'oneza: kule kuna kijana mwenye kovu kwenye nyusi, anakusalimu, anauliza kama bado unakohoa.
Tluang! Mjukuu wangu! Kijiji kizima kinajua yuko Malesia. Hata mimi. Kumbe wanajeshi walimkamata mjini Yangon, wakamvika sare kwa nguvu.
Jioni nimepika. Konzi nimeirudisha chunguni.

Jumapili, 10 Novemba
Kopo tupu. Mama Men akacheka: “Bibi Mwalimu, siku hizi unashiba hewa?” Akachota kwenye fungu lake, akanijazia, wenzake wasione. Nikashukuru. Ningesema nini? Nikikataa, msaliti. Nikieleza, nyumba ya adui. Nikitoa, nampiga mtoto niliyemlea.
Kanisani wakanisimamisha. Jumanne vijana wanaivamia kambi. “Wewe ndiye mkubwa wetu, Bibi, liombee gunia.” Nikashika ukingo wa benchi—wakadhani uzee. Nikaomba: Bwana, turudishie watoto wetu wote, wa msituni na wa kule juu.
Amina zilikuwa chache.

Jumatatu, 11 Novemba
Mama Men kaja na uji. Hata bakuli hajaweka chini: “Bibi, kule juu tuna mtoto gani?” Hakufoka. Heri angefoka.
Nimemwambia angoje, naandika dawa nilizokunywa, nisije nikasahau; kumbe naandika haya. Kaketi mbele yangu. Kesho alfajiri wanawe watapanda mlima. Nikimtaja Tluang, watajua wa kumlenga, au wa kumnusuru? Nikinyamaza, watoto watatu watakutana gizani na bunduki, na wawili kati yao ni wake.
“Uji unapoa, Bibi,” anasema. “Na hizo dawa unazoandika—mbona nyingi hivyo?”